Malori Yasiyopotea Hata Stima Ikipotea

Maneno yaliyonifanya nifungue seva yangu mwenyewe niliyasoma nikiwa nimekalia kreti nyuma ya kibanda cha mama, sokoni Gakoromone, mikono ikiwa bado na utomvu wa ndizi. Yaliandikwa kwenye kundi letu la simu, mbele ya wachezaji wote.

"Madam, wewe endesha lori yako. Mambo ya seva waachie wenye seva."

Yakafuatwa na vijisura vya kucheka, vyake na vya wengine waliotaka kumpendeza. Aliyeandika alikuwa kijana wa Meru mjini, mwenye seva tuliyokuwa tukichezea. Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta inayokaa macho wakati wote ili watu walio mbali waingie katika mchezo mmoja na wakutane humo. Yake ilikaa kwao nyumbani, na kwa hiyo alijiona kama chifu wetu sisi wote.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuendesha malori. Ulitengenezwa ng'ambo, na barabara zake zilikuwa za ng'ambo, pana na safi, hakuna mbuzi anayevuka. Lakini kuna watu wanaoandika nyongeza za michezo, tunaziita modi, na vijana wa kwetu walikuwa wameandika modi iliyouleta mchezo nyumbani. Ukiwasha injini ulijikuta Meru. Ungepakia ndizi Gakoromone, ushuke nazo hadi Ishiara kwenye joto, urudi na ndengu au maembe. Mvua ikinyesha, barabara za udongo ziligeuka matope na lori likazama hadi ekseli. Mtu akijifanya mjanja akapita kizuizi cha polisi bila kusimama, walimfuata.

Niliupenda mchezo ule. Sikuona haja ya kumweleza mtu kwa nini. Nilikuwa na diploma ya kompyuta ambayo hakuna ofisi iliyoitaka, nikawa ninamsaidia mama kuuza ndizi na nduma, na jioni tukirudi nyumbani Kinoru ninawasha kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mitumba. Mama hakuipenda. Alisema inamaliza umeme, inakula stima yote, na inapiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi.

Ndani ya mchezo huo ndimo nilimokutana na mzee wa Ishiara.

Sikuwa nimemwona kwa macho. Nilimjua kwa sauti tu, kwa sababu tuliongea kupitia vipaza sauti tulivyovaa kichwani. Alikuwa dereva wa lori wa kweli maisha yake yote, mpaka siku breki zilipomkatalia kwenye mteremko akiwa amebeba mawe ya kujengea. Alitoka hai, lakini miguu haikumsikia tena. Watoto wake wanaofanya kazi Embu mjini wakamnunulia kompyuta. Alivyosema yeye, walitaka apate kitu cha kutazama zaidi ya ukuta.

Hawakujua wamenunua nini. Mzee aliyafanya yale malori ya kwenye skrini kuwa kazi. Aliongeza mwendo kwa kidole gumba cha kushoto na kufunga breki kwa kidole cha pete, na alituzidi wote tuliokuwa na miguu mizima. Alitugombeza kila siku. "Weka gia ndogo, wewe! Unashuka mlima, huendi harusini! Breki utaunguza!" Polepole akaunda kampuni ndani ya mchezo. Alianza na pikapu kuukuu, akapata lori, akapata jingine, akajenga ghala Ishiara ambako wachezaji wengine walileta mizigo yao. Kila lori alilipaka rangi yake mwenyewe na kuliandikia maneno kwa nyuma, kama malori ya kweli yanavyoandikwa.

Kisha alasiri moja stima ikapotea Meru mjini. Ikarudi, ikapotea tena kabla watu hawajamaliza kushangilia. Seva iliporudi, wachezaji kadhaa walikuta vitu vyao vimepungua. Mzee hakukuta chochote. Mchezo ulimkaribisha kama mgeni na kumpa pikapu kuukuu.

Nilijua kilichotokea, kwa sababu nilikuwa nimeisoma modi ile mstari kwa mstari. Mali yote ya mchezaji iliandikwa kwenye faili moja ya maandishi, na kila mara kitu kilipobadilika, faili nzima ilifutwa na kuandikwa upya. Stima ikipotea katikati ya kufuta na kuandika, basi. Kilichobaki ni faili tupu.

Mwenye seva aliandika kwenye kundi: "Mzee pole. Anza tu upya, ni game."

Mzee aliyasoma maneno hayo. Muda mfupi baadaye tuliona ametoka kwenye kundi.

Mimi nikajibu. Niliandika kwamba jambo hili si bahati mbaya, kwamba stima hupotea kila wakati na sote tunajua, na kwamba dawa iko: tuache mafaili ya maandishi, tuweke databesi ya kweli, yenye majedwali yanayohusiana, kama za benki na hospitali. Nikasema niko tayari kuiweka mwenyewe. Hapo ndipo nilipoambiwa niendeshe lori yangu. Mwingine akaongeza kwamba databesi ni ya benki, hapa watu wanacheza. Mwingine akauliza kama nitaweka na ndizi kwenye databesi.

Niliosha mikono kwa maji ya mtungi, nikaandika mara moja tu: "Sawa. Nitaweka yangu." Nikatoka kwenye kundi mimi pia.

Mama alikuwa akinitazama. "Nani amekuudhi?"

"Watu wa malori."

"Wale wa kompyuta?" Akacheka, akamgeukia mteja. "Mwari wangu," akaniambia, "watu ambao hawapo hawawezi kukuudhi."

Lakini mzee alikuwepo. Nilimpigia simu hakushika. Nilimwandikia ujumbe akausoma akanyamaza. Kwa hiyo mama aliposema maembe ya Mbeere, kule Ishiara, yameanza kuiva na mtu aende kuangalia, nilisema nitaenda mimi.

Ishiara ilikuwa inawaka siku hiyo. Mtu aliyezoea baridi ya Meru akifika kule anahisi amefunguliwa mlango wa jiko. Nilimuulizia mzee dukani, nikaonyeshwa nyumba ya bati iliyo karibu na barabara, mbuzi wamelala kivulini mwa ukuta. Mke wake alinikaribisha. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye kilemba cha kanisani, na nilipomwambia nimetoka Meru, mimi ni yule wa lori ya buluu kwenye mchezo, alishika mdomo.

"Kumbe ninyi ni watu!" alisema. "Mimi nilidhani anaongea na mashine."

Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, sebuleni, kompyuta ikiwa mbele yake imefunikwa kitambaa cha meza kama redio ya zamani. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nilimsalimu kwa Kimeru, akanijibu kwa Kimbeere, na tukaendelea hivyo kwa muda, kila mtu na lugha yake, kwa maana hazijaachana sana. Tulipofika kwenye mambo ya kompyuta tukahamia Kiswahili.

"Mzee, ninafungua seva," nikamwambia. "Nataka urudi. Nitakurudishia malori yako yote, na ghala. Mimi nitakuwa mwenye seva, naweza kuandika chochote."

Aligeuza kiti kidogo anielekee. "Utaandika?"

"Ndiyo. Dakika moja tu."

"Kwa hiyo utanipatia zawadi."

Nikasema si zawadi, ni mali yake mwenyewe.

"Sikiliza, msichana wangu," alisema. "Tangu nianguke, kila mtu ananipatia. Huyu blanketi, huyu maziwa, pasta maombi. Hata hii kompyuta ni ya kupewa. Lakini yale malori sikupewa na mtu. Nilibeba mizigo nikayapata. Sasa wewe unataka kuniandikia malori, niwe nayo kama pole?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Nitaanza na pikapu kama mtu mwingine. Lakini nionyeshe kwamba nikifanya kazi, kazi itakaa. Hiyo tu. Unaweza?"

"Naweza."

"Usiniambie naweza. Utanionyesha. Siku umemaliza, utachomoa stima nikiona."

Nilikubali. Mke wake alinifungia maembe kwenye gunia, mengi kuliko niliyoweza kubeba, na nikarudi nyumbani nikiwa na kazi ambayo sikuwahi kuifanya maishani. Chuoni tulifundishwa majedwali ubaoni. Mwalimu alichora masanduku na mishale, tukayanakili, tukafanya mtihani. Hakuna aliyewahi kutuambia tuiwashe databesi tuone ikipumua.

Nilianza Jumapili iliyofuata. Mama alivaa vizuri akasimama mlangoni na Biblia yake.

"Huendi kanisani?"

"Leo hapana."

"Kwa sababu ya mchezo?"

"Kwa sababu ya kazi, mama."

"Kazi gani isiyo na mwajiri?"

"Hiyo hiyo."

Akaenda peke yake, amenuna. Na mimi nikaketi. Modi yenyewe ilikuwa ya wote, walioiandika waliiacha wazi mtandaoni mtu yeyote achukue na abadilishe, kwa hiyo sikuiba cha mtu. Nikapakua na programu ya databesi ya bure, ile ambayo nusu ya tovuti za dunia zinaitumia. Ikakubali kukaa kwenye kompyuta yangu ya mitumba bila kulalamika. Nikaunda databesi tupu, nikaunda na mtumiaji maalumu ambaye kwa jina lake modi ingeingia, nikampa nenosiri, nikampa ruhusa ya kusoma na kuandika humo tu na si kwingine.

Kisha nikachora majedwali, safari hii kwa sababu nilikuwa na watu kichwani. Jedwali la wachezaji: kila mchezaji na namba yake, namba isiyobadilika hata akijiita jina jipya kila wiki. Hilo lilikuwa tatizo jingine la faili za zamani, kwamba lori liliandikwa jina la mwenyewe, na mtu akibadilisha jina malori yake yanabaki yatima. Jedwali la malori: kila lori linabeba namba ya mwenyewe. Jedwali la maghala. Jedwali la mizigo, na kila mzigo unasema uko wapi, ghalani au juu ya lori. Nikaiamuru databesi ikatae kabisa kuandika lori lisilo na mwenyewe. Nikaijaribu. Nikajaribu kuingiza lori la mchezaji ambaye hayupo, na ikanikatalia kwa ukali, na mimi nikacheka peke yangu kama mwehu. Ilikuwa mara ya kwanza mashine kuniambia hapana nikafurahi.

Kukataliwa kwa pili hakukufurahisha. Nilipoiwasha modi iingie kwenye databesi, ilifungiwa mlango. Ufikiaji umekataliwa. Nikabadilisha nenosiri, ikakataa. Nikafuta mtumiaji nikamuunda upya, ikakataa. Mama akarudi kutoka kanisani, akapika, akala, akanisukumia sahani, na bado ilikuwa ikikataa. Nilisoma maelezo ya watu mtandaoni waliokwama kama mimi, na wengi wao walishauri kumpa mtumiaji ruhusa zote na kuacha milango wazi. Nilikataa. Sikuwa nimetoka kwa wale wengine ili nije nijenge nyumba isiyo na kufuli.

Mwishowe nikagundua ni jambo dogo la kuudhi. Mashine inaweza kujiita kwa jina na inaweza kujiita kwa namba. Mimi nilikuwa nimemruhusu mtumiaji aingie akitokea kwenye jina, na modi ilibisha hodi ikitokea kwenye namba. Kwangu ilikuwa mashine ile ile moja, iko mbele yangu juu ya meza. Kwa databesi walikuwa wageni wawili. Nikairekebisha modi ibishe kwa jina, na mstari mmoja wa maandishi ukatokea: imeunganishwa. Nikaenda nje nikasimama uani hata sijui kwa nini.

Kazi yote ilichukua wiki kadhaa, katikati ya kubeba ndizi. Kila pahali modi ilipoandika kwenye faili, nilitoa mistari ile nikaweka mipya ya kuandika kwenye majedwali. Nilipomaliza nilimpigia mzee. Safari hii alishika.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi mchana. Niliwaalika na wachezaji wachache niliowaamini: nesi mmoja wa Embu, na jamaa wa bodaboda pale Kinoru ambaye alikuwa ameona nilivyochekwa na hakupenda. Mzee aliingia, akapewa pikapu yake kuukuu, akaendesha mizigo midogo ya ndengu kwa muda hadi akapata ghala dogo, akawa na kitu cha kupoteza. Nilikuwa naye kwenye simu ya kawaida pia, ili tuendelee kusikizana seva ikizima.

"Sasa niko ghalani," alisema. "Ninapakia magunia. Chomoa."

Nilimtazama mama, aliyekuwa ameketi kitandani akichambua maharagwe. "Mama, chomoa ile waya."

Alisimama haraka kuliko nilivyotegemea. "Hii kitu nimetaka kuichomoa tangu siku ilipoingia hapa," alisema, akaivuta kwa mikono miwili.

Skrini ikazima. Hata feni iliacha kulia. Tukasubiri kidogo, nikarudisha waya, kompyuta ikaamka kwa shida kama ng'ombe mzee, seva ikapanda. Mzee akaingia tena. Nilimsikia akipumua.

"Pikapu iko," alisema. "Ghala iko." Akatafuta kidogo. "Magunia hayako."

"Hayako wapi?"

"Hayako ghalani. Na hayako kwa pikapu. Yalitoka huku hayakufika huku."

Nesi alijaribu kunitetea, akasema ni magunia machache tu. Mzee akamkata kauli. "Leo ni magunia. Kesho ni lori. Hata wale wengine walianza hivi." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Angalia tena, msichana wangu. Mimi siendi mahali." Akakata simu.

Niliona aibu, na baada ya aibu nikaona hasira, na hasira ile ilinisaidia zaidi. Mama hakunicheka. Aliokota maharagwe yaliyoanguka na kuuliza, "Yalienda wapi?"

Nikamweleza, na nilipokuwa nikimweleza nikayaona. Modi ilikuwa ikiyatoa magunia ghalani mara tu unapobonyeza kupakia. Kisha inaonyesha picha ya watu wakibeba mizigo, sekunde kadhaa, ili ionekane kama kweli. Picha ikiisha ndipo inayaandika kwenye lori. Mimi nilikuwa nimebadilisha mahali pa kuandikia lakini nikauacha ule mwanya katikati kama nilivyoukuta. Mzee, aliyepakia malori miaka yote hiyo, alijua kwamba mzigo hupotea wakati wa kupakia. Alikuwa ameuchagua wakati huo kwa makusudi.

"Si ni kama mtu anatuma pesa kwa simu," mama alisema. "Zikitoka kwangu zisifike kwa yule, si zinafaa kurudi?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi fanya hivyo," akasema, kana kwamba nilikuwa ninakataa kuosha vyombo.

Databesi inajua kufanya hivyo. Ni mimi niliyekuwa sijaiomba. Kuna kitu kinaitwa muamala: unaiambia databesi kwamba hatua hizi zote ni jambo moja, zikamilike zote pamoja, au iwe kama hakuna hata moja iliyowahi kutokea. Niliufuta ule mwanya. Picha ya wapakiaji ikabaki picha tu, na ikiisha ndipo kutoka ghalani na kuingia kwenye lori kunaandikwa ndani ya muamala mmoja. Kisha nikapitia modi yote kutafuta myanya mingine ya namna hiyo. Ilikuwepo. Kuuziana malori. Kulipa dereva. Kuhamisha ghala kutoka kwa mchezaji hadi mwingine. Kila pahali kitu kilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine palikuwa na shimo, na watu walikuwa wakitumbukia humo wakiambiwa ni bahati yao mbaya.

Jumamosi iliyofuata mama hakungoja kuambiwa. Alilisogeza karai la maharagwe, akakaa karibu na waya.

"Ninapakia," mzee akasema.

Mama akachomoa. Tukangoja. Tukarudisha.

"Magunia yako ghalani," alisema mzee. "Yote."

"Tena," nikasema.

Safari hii mzee alingoja hadi picha ya kupakia ilipokwisha, akasema ghafla, "Sasa!" Mama akavuta. Seva iliporudi, magunia yalikuwa juu ya pikapu, na ghalani hakuna. Tukafanya tena, akiuza. Tukafanya tena, akinunua kutoka kwa jamaa wa boda. Mama alianza kuchomoa kwa mbwembwe, akihesabu kwa Kimeru kabla ya kuvuta, na nesi wa Embu akawa anacheka hadi kipaza sauti kinakwaruza. Kila mara mzigo ulikuwa upande mmoja au upande mwingine. Hata mara moja haukubaki hewani.

"Acheni sasa," mzee alisema mwishowe, "mtaharibu kompyuta ya mtoto wa watu." Kisha nikasikia injini ya pikapu yake ikiwaka. "Nina ndengu za kupeleka Meru. Nani anapanda na mimi?"

Tulipanda wote.

Habari zilienea bila mimi kuzipeleka. Jamaa wa boda aliwaambia wa boda, nesi akawaambia wa hospitali, na wale waliopoteza vitu Meru mjini wakaja mmoja mmoja. Niliwaambia wote maneno yale yale: hapa utaanza na pikapu, hapa hakuna anayeandikiwa, na hapa hakuna anayeambiwa pole ni game. Wengine waliona ninajivuna. Sikubishana nao.

Yule mwenye seva alikuja kwa miguu yake. Sijui nani alimwelekeza kibandani kwetu. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye miwani na viatu safi visivyofaa sokoni, na ilinichukua muda kuamini kwamba zile kelele zote zilitoka kwa mtu wa ukubwa ule.

"Madam," alisema, "mimi ndiye mwenye ile seva ya Meru."

"Nakujua."

"Watu wamepungua kwangu. Nikafikiria, si tuunganishe? Yangu ina mashine kubwa. Wewe utaweka databesi, mimi nibaki admin, msimamizi wa wote. Tutumie jina langu, kwa sababu watu wameizoea."

Mama aliacha kupanga ndizi.

"Hapana," nikasema.

"Hata hujafikiria."

"Nilifikiria siku ile uliniambia niendeshe lori yangu."

"Ilikuwa jokes tu, madam. Watu hucheka."

"Na mzee wa Ishiara?"

Alitazama viatu vyake. "Huyo nilimwambia pole."

"Modi ni ya wote," nikamwambia. "Nilivyoibadilisha nimeweka mtandaoni, kila mstari. Chukua, soma, weka kwako, sihitaji hata shukrani. Lakini kwangu hakuna cheo cha kukupatia, na jina lako haliji. Ukitaka kucheza, ingia. Utapata pikapu."

"Pikapu?" Alicheka, akidhani ninamtania. "Mimi?"

"Wewe."

Aliondoka bila kununua kitu. Mama alimtazama mpaka alipopotelea kwa wauza vitunguu, akasema kwamba mtoto huyo hajala vizuri. Kisha akaniuliza ile databesi inaweza kukubali mchezaji ambaye hajui kusoma Kiingereza, kwa sababu mwenzake wa kibanda cha pili alitaka kujua. Nikamwambia inakubali mtu yeyote, mradi awe na namba.

Bado kuna wanaoniambia ni utoto, mwanamke mzima kushinda na malori yasiyobeba kitu. Shangazi yangu alisema hivyo kwenye harusi mbele ya meza nzima, na nikamwambia ndiyo, na kwamba ninaendelea. Sikumpa maelezo mengine, nikaendelea kula pilau.

Yule kijana aliingia, mwishowe. Alitumia jina lingine lakini sauti ilikuwa yake. Alihangaika na pikapu kwa siku kadhaa, akizama kwenye matope ya barabara za chini kule Ishiara, hakuna aliyemcheka. Kisha nikaona kwenye databesi kwamba ameajiriwa na kampuni ya Ishiara. Jioni hiyo nilivaa vipaza sauti nikawakuta barabarani, mzee mbele na lori lake jipya, kijana nyuma na lori lililojaa maembe, wanapanda kuelekea Meru.

"Gia ndogo!" mzee alikuwa akipiga kelele. "Nimekuambia gia ndogo! Unafikiri hiyo lori ni ya baba yako?"

"Pole, mzee."

"Usiniambie pole. Punguza gia!"

Niliwapita kwa honi, nikaendelea kupanda.